ASIACHWE MTU MLIMANI

Maneno kwa washirika na wageni wa sherehe yetu, Nyamugari, jioni ya kuamkia matembezi ya vilimani

Nyamugari ya Gitega na Nyamugari ya Muyinga, majina yenu ni mamoja na leo mmekaa benchi moja. Wa Ngara, Kibondo na Kasulu, karibuni. Wa Uvira, Bukavu na Goma, karibuni. Wa Kigali, Kampala na Nairobi, karibuni. Na ninyi mliosafiri kutoka Norway, Uskoti na Kanada, kule ambako mwezi wa kumi na mbili mtu anavaa makoti mawili, karibuni sana. Na wewe unayesoma maneno haya gazetini kwa sababu nauli haikutosha au visa ilikataa, keti nasi. Haya ni yako pia.

Ratiba imeandika "kupanda mlima wakati wa baridi". Nimesikia wengine wakiguna: hapa barafu iko wapi, kama si kwenye friji la muuza soda? Ni kweli, kesho hatutakanyaga barafu. Lakini ushirika huu una watu wa mipaka mingi. Vijana wa Goma wamepanda Nyiragongo. Wa Musanze wanapanda Karisimbi. Wa Moshi wanabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Watoto wetu walioko Ulaya wanatembea vilima vyenye barafu na upepo mkali, wengine wakiongozana na mbwa. Na sisi wenyewe kesho tutatoka alfajiri, ukungu ungali chini na upepo uko juu ya vilele. Kwa hiyo nitawaambia jambo moja, kisha nitalieleza: baridi haimuui mtu ikiwa peke yake. Inamuua aliyelowa, aliyepigwa na upepo, na aliyeachwa nyuma. Kama hakulowa, kama amekingwa na kama wenzake wapo, mara nyingi anarudi nyumbani.

Kitu kilichoitwa "baridi"

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagani. Aliona juu ya mlima weupe unaong'aa, akadhani ni wingu. Kiongozi wake wa njia alipoutaja ule weupe hakusema theluji wala barafu. Alisema neno moja: baridi. Rebmann akatambua kwamba anatazama theluji, akaandika habari hiyo, nayo ikachapishwa Uingereza. Wasomi wa London waliikataa. William Desborough Cooley, mtu wa ramani na vitabu, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta namna ile.

Mimi nampenda yule kiongozi wa njia. Hakuwa na jina la kitu kile, akakiita kwa kazi yake. Neno theluji tulilipata kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi. Lakini baridi ndiyo inayomhusu mtu mwenye ngozi na damu.

Wachagga walikuwa wameshaijua kwa gharama. Wamisionari waliandika habari waliyopewa huko: Rungua, mtawala wa Machame, alituma kundi kubwa la watu wapande wakakiangalie kile kitu cheupe, huenda ni fedha. Alirudi mtu mmoja, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Fedha waliyoifuata ilikuwa maji.

Ishirini wa Karisimbi

Sasa tusogee jirani. Mlima Karisimbi uko mpakani mwa Rwanda na Kongo, urefu wake mita 4,507. Jina lake linatokana na isimbi, na hata Kiswahili kina simbi, lile kombe jeupe. Wenyeji waliona kilele kikipata weupe, wakakiita hivyo.

Mwaka 1908, mwezi wa pili, Mjerumani mmoja mwanajiolojia, Egon Kirschstein, alikuwa juu ya mlima huo na wapagazi wake. Alikuwa katika msafara mkubwa wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Walikuwa kwenye kreta, mahali penye majimaji na pasipo na kivuli cha kujificha. Mvua ya mawe ikawashukia, halafu ikaja theluji. Wapagazi hawakuwa na nguo za mlima ule. Wakatua mizigo, wakalala chini kwenye maji yale, nguvu zikawaishia. Wapagazi 20 walikufa.

Jamani, tusipite haraka hapo. Watu ishirini ni kwaya nzima ya vijana. Na kreta ile inaitwa Branca mpaka leo, jina la profesa wa Berlin. Waliokufa mle walibaki namba ishirini. Kila mmoja alikuwa na mlima wake aliozaliwa na mama aliyemngoja.

Je, waliuawa na nini? Digrii za baridi ya siku ile, mtu mwenye koti na hema angezivumilia. Waliuawa na nguo zilizolowa, upepo usiozuiwa, ardhi yenye maji, uchovu wa mzigo, na kukosa kitu kikavu cha kubadilisha. Mzigo ulikuwa na turubai na masanduku yaliyolindwa mvua. Mgongo uliobeba mzigo haukulindwa.

Na msidhani mambo haya yaliishia 1908. Kule Kilimanjaro, tangu mwaka 2003 upo mradi uitwao Kilimanjaro Porters Assistance Project, na moja ya kazi zake ni kuwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Kama haja ya kuwaazima ipo, basi wapo wanaopanda bila nguo za kutosha. Mpagazi amewekewa kikomo cha mzigo, kilo 20. Ni vizuri. Lakini kupima mzigo bila kuangalia viatu vya anayeubeba ni kufanya nusu ya kazi.

Wezi wa joto

Mwili wa mtu una joto la digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu ameingia hatarini. Hizo ni digrii mbili tu, kwa hiyo lazima tuwajue wanaoiba.

Mwizi wa kwanza ni maji. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara ishirini kuliko hewa tulivu. Na maji si mvua peke yake. Jasho pia ni maji. Anayekimbia kupanda huku amevaa sweta mbili anafika juu amelowa, halafu anasimama kupiga picha, upepo unamkuta. Ndiyo maana unaanza safari ukisikia baridi kidogo, na unavaa unaposimama. Shati la pamba likilowa linakaa na maji kama sifongo. Sufu, hata ikilowa, inabaki na joto kiasi. Ile sweta nzito ya mitumba mliyoicheka sokoni, kesho itakuwa ya thamani.

Mwizi wa pili ni upepo. Mwili umejivika tabaka jembamba la hewa yenye joto. Upepo unalivua tabaka hilo kila dakika, kama mtu anayekuvuta shuka usiku. Mfuko wa plastiki uliotobolewa kichwa na mikono, au kipande cha turubai, unaweza kukuokoa kuliko koti zuri linalopitisha upepo.

Mwizi wa tatu ni ardhi. Mtu aliyechoka anataka kukaa, na akikaa kwenye udongo baridi au jiwe lililolowa, joto linashuka kupitia makalio na mgongo. Mkalishe juu ya majani makavu, mizigo, kamba, chochote.

Na mwizi wa nne ni tumbo tupu. Asiyekula hana kuni za kuwasha moto wa ndani. Najua kuna waliofunga na kuomba wiki hii, Bwana awabariki. Lakini kesho asubuhi kila anayepanda atakunywa uji wenye sukari. Hilo si ombi.

Vipi kuhusu urefu wa mlima? Kila unapopanda mita 1,000, hewa inapoa kama digrii sita hivi. Gitega mjini ni mita 1,500 hivi. Karisimbi iko mita 3,000 juu ya hapo, toa digrii kumi na nane. Alasiri yetu ya digrii 24 inakuwa sita kule juu, kabla mvua haijanyesha na kabla jua halijazama.

Lakini urefu si kila kitu, na hapa nawaomba mnaoishi ng'ambo msikilize. Mlima mrefu kuliko yote katika England yenyewe, Scafell Pike, ni mita 978 tu. Ziwa Tanganyika, pale watu wa Bujumbura wanapoogelea, lina mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukilinganisha, kilele chao kinapita maji yetu ya kuogelea kwa mita mia mbili na kitu! Kwa macho ya mtu wa Mugamba hicho ni kilima cha kuchungia mbuzi. Hata hivyo, majira ya baridi kilima kile kina barafu kwenye mawe na upepo wa kuangusha mtu. Cairn Gorm ya Uskoti ni mita 1,245, chini ya Gitega, na tarehe 20 Machi 1986 upepo wa kilomita 278 kwa saa ulipimwa hapo juu. Na mwezi wa kumi na mbili kule jua linazama hata kabla ya saa kumi alasiri. Mtu aliyezoea jua la saa kumi na mbili linalotimiza ahadi yake mwaka mzima, anaweza kukutwa na giza akiwa bado anapanda.

Baridi haichagui rangi wala pasipoti. Novemba 1971, kundi la wanafunzi kutoka Edinburgh lilikwama na kiongozi wao na msaidizi wake kwenye uwanda wa juu wa Cairngorm, katika dhoruba ya theluji. Vijana watano wa umri wa shule walikufa, na msaidizi wa kiongozi pamoja nao. Walikuwa Waskoti, nchi ni yao na baridi wameizaliwa ndani yake. Kwa hiyo wewe kijana wetu wa Aberdeen au Tromsø, mwenzako akikwambia "ni kilima kidogo tu", muulize upepo ukoje na jua linazama saa ngapi.

Somo kutoka kwa mbwa

Najua makanisani kwetu mbwa hana jina zuri. Tukitaka kumtukana mtu tunamwita mbwa. Lakini leo mniruhusu nimsifu kidogo.

Katika nchi zetu za maziwa na misitu, wawindaji wa zamani waliwavisha mbwa wao kengele shingoni. Mbwa wa asili wa huku wengine hawabweki, wanatafuta kimya. Bila kengele, mwenye mbwa angempoteza kwenye majani marefu. Kengele ilimwambia: nipo hapa, bado natembea. Ikinyamaza, mwindaji alisimama.

Uskoti, mwaka 1965, mpanda milima Hamish MacInnes wa Glencoe alianzisha chama cha kufundisha mbwa kutafuta waliopotea milimani. Mbwa hao wanategemea harufu inayoletwa na upepo. Mwalimu wake humpeleka upande ambao upepo utamjia usoni, naye hunusa mtu aliyelala ambaye jicho haliwezi kumwona, gizani au kwenye ukungu. Fikirini, upepo uleule unaomwibia mtu joto ndio unaompelekea mbwa habari zake. Lakini lazima mbwa apelekwe, na atakayempeleka ni yule aliyehesabu watu na kuona mmoja hayupo.

Na wako mbwa mwitu. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger alipanda Kilimanjaro, na karibu kabisa na kilele, kwenye theluji, yeye na wenzake waliona mbwa mwitu watano. Mnyama wa nyika, wa jua na vumbi, yuko karibu mita 5,900! Mimi kinachonigusa ni kwamba walikuwa watano. Mbwa mwitu huishi kwa kundi. Wakirudi mawindoni huwatapikia nyama watoto waliobaki, na hata mkubwa aliye mgonjwa au aliyejeruhiwa anaweza kulishwa hivyo. Hao ndio tunaowatumia kama tusi.

Ukimwona mwenzako anabadilika

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa viongozi wa vikundi.

Kwanza mtu anatetemeka. Hiyo ni kazi ya mwili kujitengenezea moto, usiicheke. Halafu vidole vinashindwa kufunga kifungo. Halafu ulimi unakuwa mzito, anasema maneno yasiyofuatana, ananuna, anasema "niacheni, nitawafuata". Miguu inajikwaa. Halafu anaacha kutetemeka. Hapo wasiojua hushangilia: amepona! Hapana. Kuacha kutetemeka huku akili imelegea ni hatari kuliko kutetemeka kwenyewe.

Mtoe kwenye upepo. Mvue nguo zilizolowa, umvishe kavu, na kichwa ukifunike. Mweke juu ya kitu, asiguse ardhi. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari, kidogo kidogo. Akaliwe na wenzake kifua kwa mgongo, ndani ya blanketi moja. Mhubiri aliliona jambo hili zamani, ukirudi kwenye hema soma sura ya 4, mstari wa 11. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Usimwekee moto mkali kwenye vidole. Usimpe pombe, na hilo silisemi kwa sababu niko kanisani: pombe inafungua mishipa ya ngozi, anasikia joto huku joto linatoka. Kama amelegea sana, mbebe taratibu bila kumtikisa na umfikishe kwa waganga haraka.

Na kama atasema "niacheni, nitawafuata", usimwache. Sentensi hiyo kutoka kinywani mwa mtu anayetetemeka ni dalili kama dalili nyingine.

Utaratibu wa kesho

Tutaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kila mmoja awe na nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na haitafunguliwa mpaka inahitajika. Asiye nayo aje kwa wamama wa mapokezi usiku huu, bila aibu. Mtume Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na amhimize kufika kabla ya majira ya baridi. Mtu wa maono makubwa aliomba koti.

Tutatembea kwa vikundi vya watu kumi. Mwendo ni wa yule wa mwisho. Kule Kilimanjaro waongozaji wanasema pole pole, na wanalipwa kwa kusema hivyo, kwa hiyo waaminini. Mwenye mapafu ya kukimbia atabeba mfuko wa mwenye magoti ya uzee. Wanaobeba sufuria, maji na spika watavaa kwanza na kunywa chai kwanza, kabla ya mhubiri, kabla ya wageni wa heshima. Atakayeuliza kwa nini, mtamsimulia habari za Karisimbi.

Kila kiongozi ana filimbi. Ukungu ukishuka na mkapoteana, kaeni mahali pamoja, msitawanyike kutafutana. Mpige filimbi mara sita ndani ya dakika moja, mnyamaze dakika moja, mrudie. Atakayesikia atajibu kwa mara tatu. Hiyo ni lugha ya milima, haihitaji mkalimani wa Kirundi wala Kiingereza.

Tutahesabiwa mara tatu: hapa chini, juu kileleni, na tukirudi. Chakula cha mchana hakitapakuliwa mpaka hesabu ya tatu imetimia. Najua mtalalamika, wali utapoa. Upoe.

Ikinyesha mvua ya mawe, tunarudi. Hakuna atakayeambiwa ana imani haba kwa sababu amegeuka. Kilima kitakuwepo wiki ijayo, na mwakani pia.

Na wewe uliye mbali, mwenye kutembea peke yako na mbwa wa bwana fulani huko kwenye baridi, mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa utakayorudi. Kama huna wa kumwambia, wapigie wapendwa wa ushirika ulio karibu nawe. Tumekuwa na mikutano mingi ya kuombeana. Basi tuwe pia na mtu wa kuuliza, ikifika saa kumi na moja jioni na simu yako hailii, "Je, amesharudi?"

Mama wa mapokezi ananionyesha saa. Nguo kavu ziko meza ya kushoto, filimbi ziko meza ya kulia. Simameni tuombe, halafu mkalale. Amina.